Siku Tuliyokizunguka Kisiwa

Wiki iliyopita dada mmoja tunayefanya naye kazi pale Ubungo, kwenye duka la kutoa fotokopi, alianza kuandikisha watu wa kwenda kisiwani Jumamosi. Katuwekea na picha kwenye grupu: mchanga mweupe, maji ya bluu, msichana kavaa kofia kubwa katupa mgongo. Akaniuliza kama nishawahi kufika. Nikamwambia nimefika, tena nimekizunguka chote kwa miguu. Akashangaa. Akasema watu wanaendaga kule kuogelea na kula samaki, mie nilizunguka natafuta nini. Akaingia mteja na vyeti vyake, sikumjibu. Ila swali halijaniondoka, kwa hiyo najibu hapa, na nitajaribu kutorefusha. Jina la kisiwa silitaji, wengi wenu mnakijua na picha zake mnazo kwenye simu.

Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunakaa Chang'ombe, vyumba viwili uani kwa Bibi Thureya. Baba yangu alikuwa karani kiwandani, mama mwalimu wa shule ya msingi, wote wametoka Tukuyu, na bahari kwao ilikuwa kitu cha kuangalia ukiwa umesimama mbali. Bibi Thureya alikuwa na duka mbele ya nyumba. Lilikuwa la baba yake, na kabla ya hapo la babu yake, na lilikuwa linauza mchele, sukari, viungo, ubani na sabuni za mche. Asili yao Waarabu, japo Kiarabu chenyewe Bibi alikuwa hana zaidi ya cha kuswalia. Alikuwa mnene, magoti yanamsumbua, na mtoto akimuuliza kitu alikuwa anajibu bila kuinua macho kwenye mzani. Hakuwa mkali. Alikuwa na kazi tu.

Nasra alikuwa mjukuu wake, mdogo kwangu mwaka mmoja. Mama yake Nasra, Zuwena, alienda Maskati Nasra hajatimiza miaka miwili, kwenda kumuuguza shangazi yao. Shangazi alipofariki yeye akapata kazi ya kushona, akabaki. Baba yake Nasra alishaoa Tanga na hakuwa mtu wa kuonekana. Kwa hiyo mama, kwa Nasra, ilikuwa picha ya harusi ukutani, bi harusi kapakwa poda mpaka huwezi kujua sura yake halisi ikoje, na sauti kwenye kitochi cha Bibi. Sauti yenyewe inakuja inapotea. Nasra alikuwa anasema shikamoo, anasema sijambo, anasema ndiyo mara tatu, halafu Bibi anachukua simu yake kabla mtandao haujakata. Nilikuwaga nasimama mlangoni nikimsubiri amalize tukacheze. Alikuwa anatoka, na kwa muda hachezi vizuri.

Kila baada ya miezi kadhaa anakuja mtu na mzigo kutoka Maskati. Gauni, chupa ya mafuta mazuri, na haluwa. Ile haluwa ukiifunua, hiliki na zafarani na samli vinajaa chumba kizima, na Bibi alikuwa anatupa kila mtu kipande kwenye kiganja. Ilikuwa bado laini. Hilo nililishika. Maandazi ya mama yangu yakilala siku mbili yanakuwa mawe, lakini haluwa ya Maskati inafika laini, inanata vidoleni. Kichwani mwangu hiyo ilikuwa na maana moja tu, kwamba Maskati haiwezi kuwa mbali.

Nilikuwa darasa la tatu na nilikuwa nimekaririshwa kwamba kisiwa ni nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote. Nilikuwa napenda sana kuijua hiyo sentensi. Basi, siku moja kaka yake Bibi akatualika Mbweni kwenye nyumba yake mpya, ghorofa ambalo juu lilikuwa bado halijapakwa rangi. Watoto tukapanda mpaka juu kwenye paa la zege, na Bibi akapandishwa taratibu akawekewa kiti na kikombe cha kahawa. Kutoka pale unaiona bahari yote, na katikati ya bahari kuna kisiwa kidogo, kijani, kimezungushiwa ukingo mweupe kama kimeshonewa lesi.

Nasra akamuuliza Bibi Maskati iko wapi. Bibi alikuwa anaongea na wifi yake mambo ya mafundi. Akanyoosha mkono wenye kikombe, akasema, "Kule," akaendelea na mafundi.

Tukaufuata mkono. Mwisho wa mkono kulikuwa na kisiwa.

Jioni tuliporudi nikamwambia Nasra, kwa sauti ya mtu wa darasa la tatu, kwamba mama yake anakaa pale. Akaniuliza sasa mbona haji. Nikamwambia hana boti. Akafikiri, akakubali. Kuanzia hapo kila siku alikuwa na swali. Nyumba yake ina rangi gani? Analala na nani? Kule kuna shule? Anakula nini? Na mie nilikuwa mtu ambaye swali likiulizwa lazima nilijibu. Nikamjibu yote. Nyumba ya rangi ya maziwa, mlango wa kijani, jirani yake ana mbuzi. Sikuwa namdanganya, nataka hilo lieleweke. Kisiwa nilikiona kwa macho na mkono wa Bibi niliuona. Yale ya mbuzi na mlango niliyaongeza kama unavyomalizia picha ambayo tayari imechorwa. Nasra alikuwa anayapokea kwa makini, na kesho yake ananiuliza tena kuona kama mlango bado ni wa kijani.

Kila mwaka kabla ya mfungo wa Ramadhani, familia yao ilikuwa na siku ya vunja jungu. Mnakula siku nzima, mnacheka, mnaaga kula mchana. Kawaida walikuwa wanafanyia uani pale pale, na sie wapangaji tunaletewa sahani. Mwaka ule Mjomba Khamis, kaka yake Zuwena, akasema amechoka kula kwenye kamba za nguo, safari hii wote waende kisiwani. Akakitaja. Akasema ni kile kinachoonekana Mbweni. Nilimtazama Nasra na Nasra akanitazama.

Bibi akasema Atu, yaani mie, naye aje. Mama yangu akakataa. Alisema yeye binti yake hajui kuogelea na yeye mwenyewe hajui, kwa hiyo hata akienda hatakuwa na msaada zaidi ya kupiga kelele. Nililia siku mbili. Mwishowe Mjomba Khamis akaja mlangoni kwetu, akavua viatu, akamwambia, "Mwalimu, boti ina majaketi ya kuokolea. Nitamvalisha mwenyewe, na hatalivua." Mama akasema hata wakati wa kula asilivue. Mjomba akasema hata wakati wa kula. Alidhani ni utani. Mie nilimjua mama, haukuwa utani, na jaketi lile la rangi ya chungwa nililivaa kuanzia ufukweni mpaka tuliporudi ufukweni.

Tuliondoka alfajiri kwenye kirikuu ya Mjomba, wanawake mbele na ndani, sie nyuma na masufuria. Nilikuwa nimekaa na mgongo kwenye sufuria la pilau, moto wake unapenya sweta. Nasra alikuwa na mfuko wa plastiki kaubana mapajani. Akaninong'oneza, "Nimeleta." Sikumuuliza kaleta nini. Nilikuwa nawaza nitakavyomsalimia mama yake, kama nimwite mama Nasra au shangazi.

Kwenye boti, harufu ya petroli ya injini ilichanganyika na ya pilau mpaka leo nikipita sheli nasikia njaa. Kisiwa kikawa kinakua. Mwanzo kilikuwa kama cha Mbweni, kijani na lesi. Kisha miti ikaachana, ukaona huu mti na huu mti. Nikawa naangalia mapaa. Niliona ya makuti tu, vile vibanda vya kukalia visivyo na ukuta. Nikasema moyoni labda bati halionekani kwa mbali. Tukasogea. Maji yalikuwa yamekupwa, boti ikasimama mbali na mchanga, tukashuka maji yakifika magotini kwa wakubwa na kiunoni kwetu. Masufuria yalipita vichwani. Bibi alishikwa huku na huku, buibui kalipandisha, anasoma dua kwa sauti na katikati ya dua anamwambia Mjomba asimvute.

Kama mnaulizia utalii, basi kisiwa ni kizuri, hilo silipingi. Mchanga wake ni unga. Kuna kaa wadogo wanahama na nyumba zao, ukimshika anajifungia. Kulikuwa na Wazungu wamelala juani kama nguo zilizoanikwa, kulikuwa na vijana na spika yao inapiga singeli, na upande wa jikoni samaki wanachomwa, unasikia ndimu na moshi. Wenzangu wote walikimbilia maji. Mie nilikuwa na kazi. Nilipita nyuma ya vibanda vyote. Nikakuta vyoo. Nikakuta jiko, stoo ya majaketi, na ndoo za maji matamu yaliyoletwa na boti, kwa sababu kisiwa chenyewe hakina kisima. Nikarudi nikasimama.

Nasra alikuwa ananisubiri chini ya mvinje na mfuko wake. Akaniuliza, "Umeiona?"

Hapo ndo penyewe. Kufikia hapo nilikuwa nimeshajua. Si kwamba nilielewa kila kitu, lakini mtu unajua. Nikamwambia, "Nyumba ziko upande wa nyuma."

Katika yote niliyomwambia kwa miezi ile, huo ndo ulikuwa uongo. Mengine nilikuwa naamini.

Tukala. Wakubwa wakaswali adhuhuri juu ya mikeka, wakarudi wakanywa kahawa na katlesi, wakaanza hadithi. Nahodha wa boti alikuja akasema wajiandae kiasi, kuanzia saa tisa upepo unakuwa mbaya na maji yanajaa. Watu wakaanza kukusanya sahani. Nasra hayupo. Bibi akaanza kuuliza, nani kamwona Nasra, na kabla hajajibiwa Nasra akatokea nyuma ya mivinje kavaa gauni la Idi.

Kwa ambaye hajakaa na watu hawa, gauni la Idi halivaliwi kabla ya Idi. Halijaribiwi hata. Lilikuwa limetoka Maskati wiki mbili nyuma, la zambarau, lina vitu vinavyong'aa kifuani, na Bibi alikuwa kalifungia kabatini. Sasa liko mbele yetu, limetoka kwenye ule mfuko, pindo lake lina mchanga, na Nasra mkononi ana karatasi.

Bibi akamuuliza nani kamwambia avae hilo gauni leo.

"Namsubiri mama," Nasra akasema. "Nyie nendeni tu."

"Mama gani?"

"Mama yangu. Atu kasema anakaa huku nyuma."

Wote wakanigeukia, na mie na jaketi langu. Mjomba Khamis akaanza kucheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha. Bibi akaniuliza kwa upole kabisa, na ule upole ndo ulinitisha, "Atu, wewe ndo umemwambia hivyo?"

Nilitaka kukataa. Neno lililotoka likawa jingine. Nikamwambia, "Bibi, si ulituonesha mwenyewe? Kule Mbweni. Na kikombe."

Akawa anaitafuta hiyo siku. Niliona alipoipata. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyekumbuka kaacha jiko linawaka.

Mjomba akataka kumbeba Nasra ampeleke kwenye boti kwa nguvu. Nasra akashika mti. Hakulia, alishika tu, na vidole vyake vilikuwa vimekuwa vyeupe. Mashangazi wakaanza kuongea wote kwa pamoja, mmoja anambembeleza, mwingine anasema mtoto huyu kaharibiwa na kuachwa. Bibi akawaambia wanyamaze. Akajifunga khanga kiunoni juu ya buibui.

"Haya," akamwambia Nasra. "Tukamtafute."

Nahodha akasema mama, haiwezekani, upande wa nyuma maji yakijaa yanafika kwenye mawe, hamna pa kukanyaga. Bibi akamuuliza yanajaa sasa hivi au baadaye. Akasema yameshaanza. Bibi akasema basi asitupotezee muda. Kisha akanitazama. "Na wewe twende. Si ndo unapajua anapokaa?"

Tulienda watatu. Mjomba alitufuata hatua kama ishirini nyuma, kwa sababu Bibi alimkataza kusogea. Sijui mpaka leo kwa nini Bibi hakumwambia tu Nasra kwamba mama yake hayupo. Angeweza kusema kwa neno moja. Nadhani alijua kwamba akiambiwa hataamini, ataenda na kisiwa chake kichwani miaka yote, na kila akipita Mbweni atakuwa anakitazama. Au labda Bibi mwenyewe hakuweza kulisema. Tulikuwa tunatembea na yeye anasimama kila baada ya hatua chache, mkono kwenye goti, anamwambia Nasra, "Tazama hapa. Umetazama? Haya." Kila kichaka, kila upenyo. Hakumharakisha.

Nyuma ya jiko kulikuwa na mwanamke anaanika magunia. Kavaa khanga, katupa mgongo. Nasra akamwachia Bibi mkono, akakimbia. Bibi akatoa sauti lakini hakumwita. Yule mama akageuka, mtu mzima, ana chale usoni, mpishi wa samaki, na akakuta mtoto wa gauni la zambarau kamnyooshea karatasi. Akafuta mikono, akaipokea, akaisoma. Ilikuwa ripoti ya shule. Akasema, "Hongera mwanangu, wa nne kati ya wote hawa?" Kisha akamwona Bibi kwa nyuma, sijui aliona nini kwenye uso wake, akairudisha ripoti kwa mikono miwili. Nasra akamwambia shikamoo. Yule mama akaitikia marahaba. Tukaendelea.

Upande wa nyuma hakuna mchanga. Ni mawe ya matumbawe makali, meusi, yana meno, na bahari inayapiga moja kwa moja. Hakuna spika, hakuna Mzungu, hakuna moshi. Maji yalikuwa yanaingia kwenye mashimo ya mawe na kutoka yakitoa sauti kama mtu anayemeza. Yalitufika vifundoni, halafu magotini kwangu. Gauni la Idi likalowa mpaka tumboni. Bibi aliteleza mara moja akajishika kwenye jiwe, kiganja kikachanika, akakifunga na ncha ya khanga. Tulipofika mahali ambapo kisiwa kinaisha kabisa akakaa juu ya jiwe. Mbele yetu maji matupu, mpaka yanapokutana na mbingu.

Nasra akatazama kushoto, akatazama kulia. "Hakuna nyumba," akasema.

"Hakuna," Bibi akasema.

"Sasa mama anakaa wapi?"

"Mbali. Mtu anapanda ndege, anakula humo ndani, analala, anaamka, bado hajafika." Akavuta pumzi. "Mie mwenyewe sijafika, Nasra. Sijui hata iko upande gani. Ile siku nilinyoosha mkono tu."

Nasra hakuniangalia. Hilo ndo nililoliona, kwamba hakuniangalia kabisa, wala kwa hasira. Alikuwa anamwangalia Bibi, anasubiri kama kuna kingine. Hakukuwa na kingine. Mjomba akatufikia, maji yameshamfika mapajani, akampandisha Nasra mabegani, na Bibi akamshika mkono, na mie nikawafuata na jaketi langu, ambalo sasa lilikuwa na kazi. Tulimalizia mzunguko hivyo. Upande wa pili mchanga ulianza tena ghafla, na vijana wa singeli walikuwa bado wapo, na boti ilikuwa imeshasogezwa karibu na watu wamo ndani wanatusubiri. Kukizunguka chote tulitumia kama saa moja. Ni kisiwa kidogo.

Tulivyofika nyumbani Bibi alililoweka gauni kwenye maji matamu mara tatu kutoa chumvi. Vile vitu vya kung'aa vilichujuka rangi. Idi alilivaa hivyo hivyo.

Mama yangu alipoambiwa hakunichapa. Alitoa atlasi ya darasani kwake, akaweka kidole Dar es Salaam, akakipandisha taratibu, Mombasa, Somalia, akaendelea, akavuka bahari, akafika. "Maskati," akasema. Nikamuuliza kisiwa chetu kiko wapi. Akatafuta, akaleta miwani, akatafuta tena. Akasema hakipo, ni kidogo mno kwa ramani hii. Akaniambia nikaombe msamaha. Nilienda dukani nikasimama mbele ya mzani, nikasema, Bibi naomba msamaha. Akaniambia, bila kuinua macho, "Wote tulikosea, Atu. Chukua mwiko huo umpelekee mama yako." Na mkono wake ulikuwa bado umefungwa kitambaa.

Nasra sikumwomba. Mfungo ukaanza, na jioni alikuwa analeta sahani ya futari kwetu kama kila mwaka, viazi, tambi, kaimati. Ananikabidhi, ananigeuzia mgongo. Siku nyingi zilipita hivyo. Baada ya Idi tukaanza kucheza tena, kwa sababu uani watoto tulikuwa wawili tu, lakini haikuwa kama mwanzo. Alikuwa haniulizi kitu. Nikisema mvua inanyesha anatoka nje kwanza kuangalia. Nikisema mama yangu kaniambia jambo fulani, anaenda kwa mama yangu kumuuliza kama kasema. Anarudi, anasema haya, tunaendelea. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anahakikisha tu. Mwanzoni nilikuwa nakasirika. Baadaye nikazoea, na baadaye zaidi nikawa na mie mwenyewe nahakikisha kabla sijamwambia.

Kwa familia yao ikawa hadithi ya kuchekesha. Kila wakikusanyika Mjomba Khamis anaisimulia, Atu aliyemhamishia dada yake kisiwani, na jaketi, na nahodha aliyefokewa. Anaigiza mpaka Bibi anavyoshika goti. Watu wanacheka mpaka wanafuta macho. Bibi alikuwa anatabasamu kidogo. Nasra alikuwa anaondoka kwenda jikoni.

Mama yake alirudi mwaka mmoja na nusu baadaye, siku ya Ijumaa, mchana. Hakuja likizo, alikuja moja kwa moja, japo hilo tulilijua baadaye. Mjomba alienda kumpokea uwanja wa ndege. Bibi alitaka kumpeleka na Nasra, Nasra akasema tumbo linamuuma. Tukakaa naye uani kwenye ngazi ya mlango wetu, kapakwa wanja, kavaa vizuri. Getini tukasikia kirikuu, milango, vigelegele vya mashangazi. Kisha akaingia mwanamke mnene, ana miwani, buibui limekunjamana kwa safari, na viatu kavua kavishika mkononi kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Hakufanana na ile picha ya ukutani hata kidogo. Alisimama pale pale getini. Alikuwa anatutazama sote wawili, mie na Nasra, na nikaona kwamba na yeye hajui ni yupi.

Bibi alikuwa ameshaanza kulia na hakuwa na msaada. Mashangazi wakawa wanasukuma, nenda, nenda kwa mama. Nasra hakusogea. Akanigeukia. Kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa hajaniuliza swali hata moja.

"Atu," akaniambia polepole, "ndo yeye?"

Watu wote wa pale walikuwa wanasema ndo yeye. Mie nilimtazama yule mama vizuri, miwani, miguu, mdomo, na sikupata kitu cha kushika.

"Sijui," nikamwambia. "Sijawahi kumwona."

Akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Hakwenda kumuuliza mtu mwingine. Akanishika mkono, akainuka, na tukaenda wote wawili mpaka getini kumwangalia.